Dole Gumba Ndani

4 Machi

Mhandisi amenipa madaftari mawili na kalamu tatu. Daftari moja ni la kazi: niandike kila chumba, sakafu ikoje, paa linavuja wapi, mashimo yako wapi. La pili alisema ni la akiba. Hili ndilo la akiba. Kwa umri wangu sijui naweka akiba ya nini, ila karatasi nyeupe siwezi kuiacha ikae bure.

Kazi yenyewe ni kumtembeza ndani ya kiwanda cha nguo kilichofungwa miaka kumi na mitano iliyopita. Kitabomolewa mvua zikiisha. Ramani za jengo hazionekani, zimeliwa na mchwa au zimefungiwa karanga. Wakatafuta mtu anayejua yaliyo chini ya sakafu, wakaambiwa kuna mama mmoja alifanya kazi mle miaka ishirini na mbili. Ndiyo mimi. Goti la kulia limeniuma tangu getini.

5 Machi

Mvua. Hatukwenda.

7 Machi

Kuta zote zimechorwa. Sikutegemea. Kuanzia getini mpaka stoo ya marobota huna pa kuweka kiganja. Kuna majina ya wapenzi, na matusi ambayo mengine sikuwahi kuyasikia, na mimi nimefanya kazi na makuli wa pamba. Kuna jogoo mkubwa kuliko lori, kavaa viatu vya mpira. Mtu mmoja ameandika MARUFUKU KUCHORA HAPA kwa herufi nyekundu nzuri sana, na chini yake mwingine amejibu SAWA BOSI. Mhandisi alicheka mpaka akakohoa. Ni kijana mzuri, ila anaogopa popo, na popo mle ndani ndio wenye nyumba.

Kwenye nguzo ya tatu ya chumba cha kusokotea nyuzi kuna mkono wa bluu. Ngumi imeinuliwa, dole gumba limefichwa ndani ya vidole.

"Hii ni alama ya genge, mama?" Mhandisi akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Nilijua.

8 Machi

Nitaeleza, lakini si leo. Nimefua mashuka na hayakauki.

10 Machi

Mikono mingine mitatu, kwenye korido ya chumba cha rangi. Yote ya bluu, yote ileile. Nimeandika kwenye daftari la kazi: korido, sakafu nzima, paa linavuja pembe ya kushoto. Mikono sikuiandika.

12 Machi

Ukumbi wa kufuma ulikuwa na mashine mia moja na arobaini. Zikiwaka zote, mtu akikupigia kelele sikioni unahisi pumzi tu. Kwa hiyo tulisema kwa mikono. Hakuna aliyetufundisha. Uliingia, ukawaangalia wakubwa, na baada ya mwezi ulikuwa unasengenya kwa vidole. Kiganja kikishuka, zima. Vidole viwili vikikatana, uzi umekatika. Kupapasa kidevu, msimamizi anakuja. Ngumi juu na dole gumba nje, washa. Ngumi juu na dole gumba ndani, subiri, nina mkono kwenye mashine.

Tofauti ya washa na subiri ni dole gumba tu. Ndiyo maana tulikuwa na sheria yetu wenyewe, haikuandikwa popote: anayeshika swichi lazima aitikie. Unaona ishara, unairudisha ileile, mwenzio anakubali kwa kichwa, ndipo unagusa swichi. Bila kuitikia huwashi, hata msimamizi akikusimamia kisogoni.

Mimi nilishika swichi ya safu ya pili. Mdogo wangu wa kunifuata alikuwa mashine ya kumi na saba, safu hiyohiyo. Miaka kumi na nane iliyopita mashine ilimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kikao cha kiwanda kilisema ni uzembe wake, alitoa ishara ya washa huku mkono wake uko ndani. Wakamwachisha kazi. Watu wakampa jina, Washa, na limemganda mpaka leo. Akipita sokoni, Washa. Kwenye orodha ya msiba, Mama Washa. Binti yake shuleni walimwita Kiberiti.

Mimi sikupewa jina lolote.

13 Machi

Nimekutana na Saa Mbovu nikitoka dukani. Ni yule mzee aliyekuwa mtunza saa wa kiwanda, kengele yake ilikuwa inachelewa kututoa na kuwahi kutuingiza. Jina la Washa yeye ndiye aliyelitunga. Masikio yake sasa yamekufa kabisa, anaongea kwa sauti mtaa mzima usikie.

"Mnakibomoa lini?"

Nikamwonesha kwa mikono, mvua zikiisha.

"Na Washa hajambo? Mwambie asije akawawashia tingatinga!"

Akacheka. Na mimi nikacheka. Miaka yote hii nimekuwa nikicheka kidogo, kiasi cha heshima.

17 Machi

Goti.

19 Machi

Leo tumeingia ukumbi wa kufuma wenyewe. Mashine ziliuzwa zamani kama chuma chakavu, zimebaki alama za mafuta sakafuni, kila moja mahali pake. Niliweza kutembea safu kwa safu nikijua nani alikaa wapi. Ukuta wa mashariki, kuanzia mlango mpaka dirishani, ni mikono ya bluu mitupu. Nimeihesabu, arobaini na mmoja. Arobaini ni ngumi zenye dole gumba ndani. Wa mwisho umefunguliwa, na una vidole viwili tu.

Mhandisi aliupiga picha. Alisema huyu aliyechora ana mkono mzuri kuliko wale wa jogoo. Nikasema jogoo naye si haba. Nilitaka tu nikae chini, na mahali pa kukaa hapakuwepo.

Sasa najua anayechora ni mtu wa nyumbani kwa mdogo wangu. Yeye mwenyewe kwa mkono ule hapandi ngazi. Mdogo wangu ana kiburi, hilo nilisema siku zote. Tukikutana msibani ananipa mkono wa kushoto na kunisalimu kama anavyomsalimu karani. Haji kwangu, hanitumi kitu. Nilidhani ana maringo ya mtu aliyeumia.

22 Machi

Mume wangu, mzee wangu huyu, ananiuliza naokota nini kwenye gofu lile, mbona narudi nimenyamaza. Nikamwambia naokota uchovu. Akasema huo ungeweza kuuokota hapahapa nyumbani, upo wa kutosha.

24 Machi

Mvua ilitukuta ndani ya ukumbi wa kufuma. Mabati yale yakipigwa na mvua ni kelele ileile ya mashine, hata kifua kilitetemeka kama zamani. Nilikuwa mlangoni naandika. Mhandisi alikuwa katikati anapima ufa wa ukuta, futi mkononi, anarudi kinyumenyume. Nyuma yake kuna shimo la mota, limefunikwa bati jembamba na vumbi la pamba limelala juu yake, huwezi kulijua kama hulijui. Nilikuwa nimemwonesha juzi, amesahau.

Nilimwita. Hakusikia. Nikaita tena mpaka koo likakwaruza. Bahati akainua macho kuniangalia, na mkono wangu ukapanda wenyewe, ngumi juu, dole gumba ndani. Subiri.

Akatabasamu. Akanirudishia ngumi yenye dole gumba nje, vile vijana wanavyopongezana, na akarudi hatua moja nyuma.

Mguu uliingia mpaka kwenye paja. Nilikimbia, mimi na goti langu. Nikamshika kwapani, tukavutana, akatoka. Bati lilikuwa limemchana shavu la mguu, damu nyingi lakini jeraha si la kushona. Nilimfunga kwa kitambaa changu cha kichwa.

"Mama, si ulikuwa unanipongeza?"

"Nilikwambia usubiri."

"Kwa ngumi?"

"Kwa dole gumba."

Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyetumbukia. Ikabidi nimweleze habari ya kelele na mikono. Ni mwepesi wa akili, kabla sijamaliza alishageuka kuutazama ukuta wa mashariki.

"Kwa hiyo huu ukuta wote umeandikwa subiri?"

"Ndiyo."

"Anaambiwa nani?"

Nikamwambia tuondoke, mvua imepungua. Haikuwa imepungua.

25 Machi

Jumapili. Mzee wangu ametoka, nina siku nzima. Niandike basi, niache kuzungukazunguka.

Asubuhi ya siku ile tuligombana, mimi na mdogo wangu. Mama yetu alikuwa anaumwa, zamu ya kumpeleka kliniki ilikuwa yangu, nikasema nimechoka. Akaniambia mbele ya mume wangu kwamba mimi huchoka kila zamu inapokuwa yangu. Lilikuwa la kweli, ndiyo maana liliuma. Nikanuna. Mimi nikinuna simtazami mtu. Nimekuwa hivyo tangu utoto, mama alikuwa anasema shingo yangu ina bawaba.

Mchana uzi ukakatika kwenye mashine ya kumi na saba. Akaniashiria nizime, hiyo niliiona kwa pembeni, nikazima. Akaingiza mkono wa kulia kuunga uzi. Kuunga uzi ni kazi ya kuhesabu mpaka ishirini. Nilihesabu nikiwa nimeupa ukuta uso. Nilijua ameinua mkono wa kushoto, maana kila mtu huinua. Sikugeuka kuona dole gumba liko wapi. Sikuitikia. Nilifika ishirini nikawasha.

Nyuzi zilizokatika zilikuwa mbili. Alikuwa anaunga wa pili.

Kikao kilikaa yeye akiwa bado hospitali. Watu sita mezani. Wakaniuliza, alitoa ishara gani? Sikusema neno. Niliinua ngumi, dole gumba nje. Wakauliza, uliitikia? Nikakubali kwa kichwa. Karani akaandika. Uongo ule sijawahi kuutamka kwa mdomo hata siku moja, na nafikiri ndiyo sababu niliweza kula na kulala. Nilijiambia mtu hawezi kuapa kwa kitu ambacho hakukiona, labda kweli alitoa dole gumba nje, nani ajuaye. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi na nane na ilikuwa bado inaendelea.

Mkono unaniuma kwa kuandika. Hilo ndilo lililotokea.

26 Machi

Mvua. Mhandisi anachechemea. Tumekuwa wawili.

30 Machi

Paa la stoo ya marobota limeanguka upande mmoja. Jogoo amebaki kichwa na viatu.

2 Aprili

Mhandisi alikaa getini na mguu wake, nikapanda peke yangu chumba cha kukaushia, ghorofa ya juu. Nilisikia mkebe ukigongwa kabla sijaona mtu. Juu ya ngazi alikuwa binti wa mdogo wangu, na ovaroli yenye madoa ya rangi zote za dunia. Ana miaka ishirini na minne, anachora mabango ya maduka. Lile la kinyozi pale njia panda, lenye kichwa kinachocheka, ni lake. Nilikuwa nikisema hana kazi ya maana.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema bila kushuka.

"Marahaba. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Nilijua mtanikuta tu, mnavyopekua kila chumba."

"Mama yako anajua?"

"Hajui. Akijua atanivua hii ovaroli pamoja na ngozi."

Nikamuuliza nani amemfundisha ishara. Akasema nyumbani ndivyo wanavyoongea redio ikiwa juu, na mama yake redio hapunguzi. Lete maji, funga mlango, mgeni huyo anachosha, yote kwa mikono. Hilo nalo sikulijua. Nilidhani mdogo wangu aliiacha mikono ile mle kiwandani siku aliyotoka.

"Na huu unaochora?"

Akashuka ngazi taratibu, akafuta brashi kwenye paja.

"Nilipokuwa darasa la sita nilirudi nyumbani nalia, wameniita Kiberiti siku nzima. Nikamuuliza mama, kwa nini uliwaambia wawashe? Ndivyo nilivyomuuliza, mama mkubwa. Aliinua mkono wake wa kushoto hivi, akaushikilia hapohapo mpaka nikanyamaza. Halafu akanituma nikaoshe vyombo."

Na yeye alikuwa ameinua ngumi kunionesha, dole gumba lake ndani. Lina rangi ya bluu kwenye ukucha.

"Sasa na mimi nauliza," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa umeshika swichi. Uliona nini?"

Nilikuwa na nafasi. Hakukuwa na mtu mwingine, hata popo wa chumba kile wamehama. Nikasema, "Ni zamani sana, mwanangu."

"Haya," akasema. Akapanda ngazi yake.

Nimekuwa nikilisikia hilo "haya" tangu saa tano asubuhi. Afadhali angenitukana, matusi yapo mengi kwenye zile kuta, angechagua.

3 Aprili

Nimemwambia mzee wangu. Yote, pamoja na kununa. Alikoroga chai mpaka ikapoa, kisha akasema yaliyopita si ndwele. Nikamwambia ndwele ipo, ila haiko kwako wala kwangu, iko kwenye mkono wa mwenzetu. Akasema sasa unataka nini, vidole vitaota? Nikamwambia sijui nataka nini. Akanywa chai ileile baridi. Alipoweka kikombe chini akaniambia, "Mimi siku ile nilikuwepo alipokwambia unachoka zamu yako ikifika. Nilicheka. Samahani."

Sikuwa nakumbuka kwamba alicheka. Mtu anaweza kukaa na jambo dogo miaka yote hiyo na wewe hujui.

9 Aprili

Ufa wa ukuta wa mashariki umepanuka, kidole kinaingia mpaka kiungo cha pili. Wakubwa wa Mhandisi wamesema hawasubiri mvua ziishe, wataanza na ukuta huohuo tarehe ishirini na saba. Siku moja kabla watawaita wafanyakazi wa zamani waje kuliaga jengo. Kutakuwa na viti, kipaza sauti na soda.

"Na wewe utasema maneno mawili, mama. Dakika tano. Mambo mazuri, kumbukumbu," alisema Mhandisi.

Nikamwambia mimi si mtu wa kipaza sauti. Akasema amekwishaandika jina langu.

11 Aprili

Mvua tangu alfajiri.

12 Aprili

Mvua.

15 Aprili

Nimekwenda kwa mdogo wangu.

Ana kibanda cha dobi nyuma ya zahanati. Meza ndefu, blanketi lililoungua pembeni, pasi mbili, redio juu ya rafu. Anapiga pasi kwa mkono wa kushoto, na wa kulia, wenye kidole cha shahada na dole gumba tu, anaubanisha kola zisiteleze. Sikuwahi kumwona akifanya kazi. Nguo zangu huzipeleka kwa dobi wa mbali.

"Karibu, dada. Umelowa. Kaa pale, usiguse yale mashati ya daktari."

Nikakaa. Nikamwambia nimekuja kumwambia jambo.

"Sema. Nguo zina wenyewe."

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, yote yakayeyuka. Nikasema, "Siku ile sikuutazama mkono wako."

Hakuacha kupiga pasi. Alimaliza mkono wa shati, akaugeuza.

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi nilikuwa nakutazama wewe, dada. Ungegeuka tungeonana macho."

Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Nilianza kulia, nikaona aibu kulia mimi, nikajizuia. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nimwambie nani? Nilipotoka hospitali imeshaandikwa. Na mama alikuwa kitandani. Ningemwendea pale nimwambie mwanao mkubwa ni mwongo, halafu iweje? Nilisema mama akipona nitasema. Mama hakupona. Baadaye nikasema utakuja mwenyewe. Mwaka wa kwanza kila mlango ukigongwa nilijua ni wewe. Mwaka wa pili nikaacha kufikiria, nilikuwa na mtoto wa kulea."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Aliisimamisha pasi. Ndiyo mara ya kwanza aliponitazama.

"Kuniambia mimi hakuna kazi, dada. Mimi nilikuwepo. Kawaambie wanaoniita Washa."

Akashika shati jingine. Nilikaa kidogo, mvua ikapungua, nikaaga. Akaniambia nipite upande wa zahanati, upande ule mwingine kuna matope.

Nilimwita mwenye kiburi miaka kumi na nane. Alikuwa ananingoja.

16 Aprili

Siwezi. Dakika tano, mbele ya watu mia, wakiwemo wakwe.

18 Aprili

Mzee wangu amesema angekuwa mimi angesema anaumwa. Nikamwambia mimi siku hizi naumwa kweli, sina haja ya kusingizia. Goti lingetosha, hata Mhandisi angeniamini. Nimewaza goti hili tangu asubuhi kwa upendo mkubwa.

21 Aprili

Nimekwenda kiwandani peke yangu, kwa ajili ya kumalizia daftari la kazi. Nimesimama mahali pa swichi yangu nikageuza shingo kuelekea mashine ya kumi na saba. Ni hatua tisa. Unaona mtu mpaka kucha.

23 Aprili

Sijala vizuri.

25 Aprili

Nimemtumia binti ujumbe, mwambie mama yako kesho saa nne, uwanja wa kiwanda. Hakunijibu.

26 Aprili

Nimerudi saa tisa, nimevua viatu, nimekaa hivihivi mpaka sasa.

Walifunga turubai uwanjani, mbele ya ile SAWA BOSI. Walikuja wengi kuliko viti. Wengine sikuwatambua mpaka walipoinua mikono kusalimiana kwa mbali, maana watu wetu wanazeeka uso, mikono inabaki ileile. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Saa Mbovu alikaa mbele kabisa, kashika soda. Mdogo wangu sikumwona.

Alizungumza mkubwa wa Mhandisi, akasema maendeleo. Alizungumza mama mmoja wa idara ya rangi, akachekesha watu. Kisha Mhandisi akaniita, akanishika mkono kunipandisha jukwaani, na ndipo nilipomwona. Alikuwa amesimama nyuma ya viti, karibu na geti, na binti yake kamfunika mwavuli.

Nikasema, "Mimi nilishika swichi ya safu ya pili. Mnanijua. Kuna mtu wa mashine ya kumi na saba, na yeye mnamjua, mmempa jina. Jina lile mmempa kwa sababu yangu."

Watu waliendelea kunong'ona, walidhani natania. Nikaendelea. Nilisema niligombana na mdogo wangu asubuhi nikanuna. Nilisema alipoinua mkono mimi nilikuwa naangalia ukuta. Nilisema nilihesabu ishirini nikawasha, sikuitikia. Nilisema kwenye kikao niliinua dole gumba ambalo sikuliona. Sauti ya kipaza ilikuwa inanirudia kutoka ukutani, nikawa najisikia mara mbili mbili, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

Saa Mbovu, ambaye hakusikia hata neno, akamgeukia jirani yake akauliza kwa sauti yake ile, "Anasemaje?" Yule jirani akaninyooshea kidole tu. Basi mzee akanigeukia mimi, akanifanyia kwa mkono: nioneshe.

Nikamwonesha. Nilimnyoshea kidole mdogo wangu kule nyuma, kisha nikainua ngumi, dole gumba ndani. Nikajionesha mimi mwenyewe, nikageuza uso ukutani, nikashusha mkono kwenye swichi.

Wanawake wawili watatu wa safu za nyuma waliitikia ile ngumi kwa mazoea, dole gumba ndani, kisha wakagundua wanachokifanya wakashusha mikono polepole. Saa Mbovu aliweka soda chini. Alikuwa ameelewa kuliko wote. Akageuka na kiti chake kizima, mpaka akawa anatazamana na mdogo wangu.

"Jina lile nililitunga mimi," alisema. "Nilichekesha watu kwa jina lile."

Mama mmoja alianza kulia, wakamnyamazisha. Mkubwa wa Mhandisi alikuwa anaangalia saa yake. Nilibaki juu pale, maana hakuna aliyeniambia nishuke, wala sikuona kama nina haki ya kutafuta kiti.

"Sasa tukuiteje?" Saa Mbovu akamuuliza.

Binti alitaka kujibu, mama yake akamgusa bega. Akatoka chini ya mwavuli hatua mbili, ili mzee aone midomo yake vizuri.

"Nina jina."

Akalitaja. Yule mama wa idara ya rangi alisema, "Kumbe." Alifanya naye kazi miaka tisa.

Wakaanza kumwendea mmoja mmoja. Wengine walimshika mkono ule wa kulia, wengine walisimama tu hawajui waanzie wapi. Kwangu hakuja mtu, isipokuwa Mhandisi, aliyenisaidia kushuka na kuniuliza kama nataka maji. Nilisema nataka. Mdogo wangu hakunitazama, na sikumfuata. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikiwaangalia wakielekea getini pamoja, kundi zima, mvua imeanza tena.

Saa Mbovu alikuwa ameachwa nyuma kidogo, na fimbo yake. Akamwita kwa lile jina, kwa sauti ya mtaa mzima, akakosea silabi ya mwisho. Mdogo wangu akasimama, akarudi mpaka alipokuwa, akamtamkia taratibu mbele ya uso wake, mara moja, na mara ya pili, mpaka mzee akalipata.